Fahali Wawili Katika Zizi Moja

Wahenga walinena ya kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Neno hili tulilijua tangu utoto wetu, tukalisema juu ya wakubwa wawili wa mji mmoja, na juu ya watu wawili wapendao kutangulia katika kanisa moja; lakini hatukuwaza hata siku moja ya kuwa tutafundishwa maana yake na kompyuta. Wasomaji wapenzi, twawaomba subira kidogo, kwa kuwa habari hii yaanza na mchezo, na mwisho wake si mchezo.

Mchezo wenyewe ni sataranji, ambao siku hizi wengi huuita chesi. Huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye vyumba 64, na kila mmoja ana kete 16, yaani mfalme, malkia, maaskofu wawili, farasi wawili, ngome mbili na askari wanane. Asili yake ni Bara Hindi, ukapita Uajemi na Arabuni, ukaenea duniani kote. Kama vile bao letu, hauna bahati wala kura. Mwenye kuona mbali ndiye ashindaye. Kwa sababu hiyo watu wenye elimu walitamani tangu zamani kuifundisha mashine kuucheza, nao walifanikiwa kupita matumaini yao. Mwaka 1997 kompyuta iliyoitwa Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, kwa pointi tatu na nusu kwa mbili na nusu. Na leo programu iliyomo katika simu ya mkononi yaweza kumshinda bingwa ye yote aliye hai. Basi kwa kuwa mwanadamu hawezi tena kuwa mshindani wao, watu huwashindanisha wao kwa wao.

Shule yetu ilipata kompyuta moja kwa fadhili za marafiki, nayo hupata nguvu zake kwa mwanga wa jua. Tuliweka ndani yake programu ya sataranji, ili watoto wa darasa la saba wajifunze kufikiri kabla ya kutenda. Wakaupenda mchezo sana, wakashindwa kila siku, wala hawakuchoka. Baadaye tukapata programu ya pili, itolewayo bure kama ile ya kwanza. Majina yao hatuyataji, maana kosa tutakalolisimulia lilikuwa letu, lisije likahesabiwa juu yao. Watoto wakauliza, "Mwalimu, katika hawa wawili, nani mwenye akili zaidi?" Tukasema, "Tuwapiganishe, tuone."

Labda mtu atauliza, Je, kompyuta moja yawezaje kucheza na nafsi yake? Twamjibu hivi. Ndani yake huwekwa programu tatu. Mbili ni wachezaji, na ya tatu ni mwamuzi. Mwamuzi ndiye mwenye ubao na saa. Humpelekea mchezaji wa kwanza habari ya ubao ulivyo na ya wakati uliobaki. Naye hufikiri, akarudisha jibu fupi la herufi na tarakimu, mathalan e2e4, maana yake, kete iliyo katika chumba cha e2 iende e4. Kisha mwamuzi humgeukia wa pili. Namna hii ya kupelekeana habari ilitungwa na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen, ikatolewa mwaka 2000. Na programu nyingi huifahamu, hata zikiwa zimetungwa na watu wasiojuana kabisa, kama vile wafanya biashara wa makabila mengi waelewanavyo sokoni kwa Kiswahili.

Tukawapa kila mmoja dakika tano kwa kila mchezo, tukawaacha wacheze michezo 20. Watoto walikaa kimya wakitazama kete zikienda zenyewe, kama watu watazamao mashua zisizo na mabaharia. Mwisho wa siku ya pili yule wa kwanza alikuwa ameshinda michezo tisa, ameshindwa mmoja, na michezo kumi ilikuwa sare. Tukaandika hesabu hiyo kwa chaki mbele ya darasa, tukasema, "Mmeona wenyewe. Wa kwanza ndiye bora." Wala hatukuwa na shaka, kwa kuwa hesabu haisemi uongo.

Kulikuwa na binti mmoja aliyeketi karibu na kioo cha kompyuta. Hakuwa katika wale tuliowahesabu kuwa wepesi. Katika mitihani alikuwa wa kumi au wa kumi na mbili, naye alisinzia mara kwa mara katika somo la kwanza, na katika taarifa yake tulikuwa tumeandika kwa mkono wetu kwamba ana akili ya wastani na uvivu kidogo. Binti huyu akanyosha mkono, akasema, "Samahani, Mwalimu. Mbona huyu wa kwanza bado anahesabu, na zamu si yake?"

Tukatazama. Ni kweli, tarakimu za yule wa kwanza zilikuwa zikibadilika wakati mwenzake alipokuwa akifikiri. Tukamjibu upesi, "Hiyo ndiyo bidii. Mwenye bidii hapumziki, ndiyo maana anashinda." Darasa zima wakacheka, kwa kuwa walijua tunamsema nani. Yeye akainamisha kichwa, asiseme neno tena.

Usiku ule usingizi ulikuwa mzito kutujia. Tukaondoka kitandani, tukaifungua kompyuta, tukafanya jambo ambalo ilitupasa kulifanya kwanza. Tuliiondoa programu ya pili, na mahali pake tukaiweka ile ile ya kwanza, ikawa mchezaji anacheza na pacha wake, wasiotofautiana hata kwa herufi moja. Tukawaita Kurwa na Doto. Kurwa alikaa mahali pa mshindi, Doto akakaa mahali pa aliyeshindwa. Tuliwaacha wacheze michezo 20 mingine, nasi tukalala.

Kulipopambazuka Kurwa alikuwa ameshinda saba, sare 13, na Doto hakushinda hata mmoja.

Msomaji na afikiri maana yake. Mwenye duka akiweka jiwe la kilo moja katika kitanga cha kushoto, na jiwe lililo sawa nalo katika kitanga cha kulia, na mizani ikainama upande mmoja, je, atasema jiwe hili ni zito kuliko lile? La, atajua ya kwamba mizani ni mbovu. Nasi tulikuwa tumewafundisha watoto kwa mizani mbovu, tena kwa chaki, mbele ya darasa zima.

Tukaanza kutafuta ubovu, tukaukuta wote ni kazi ya mikono yetu. Kompyuta yetu ina viini viwili vya kufanyia hesabu. Tuvifananishe na mawe mawili ya kusagia katika nyumba moja. Yule mchezaji wa kwanza tulimweka zamani, alipokuwa peke yake, nasi kwa kutaka awe hodari tulimruhusu kutumia mawe yote mawili. Tukampa na ghala kubwa la kumbukumbu, megabaiti 512, aweke humo yale aliyokwisha kuyahesabu, asirudie kazi. Wa pili alipokuja tulimwacha kama alivyotoka kwao, na jiwe moja tu, na ghala la megabaiti 16. Tena yule wa kwanza alikuwa na ruhusa ya kufikiri katika zamu ya mwenzake. Kwa hiyo wa pili alipoketi kusaga unga wake, alimkuta wa kwanza hajaondoka katika mawe yo yote. Saa ilimhesabia wa pili dakika tano kamili, lakini hazikuwa dakika zake zote.

Twapenda kulieleza jambo hili vema, kwa kuwa ndilo kiini cha habari yetu. Watu wawili wachezapo sataranji, si kosa mmoja kufikiri wakati wa zamu ya mwenzake. Ni desturi, tena ni busara, maana kila mtu ana kichwa chake. Kadhalika zikiwa kompyuta mbili. Mwaka 1966 programu ya wataalamu wa Moscow na programu ya Wamarekani iliyochezeshwa Stanford zilianza kushindana kwa simu ya telegrafu, michezo minne, hata mwaka 1967. Ile ya Moscow ikashinda miwili, na miwili ikawa sare. Kila moja ilikuwa na mashine yake katika nchi yake, na bidii ya moja haikuinyang'anya nyingine kitu. Lakini wawili wakiwa katika kompyuta moja, mambo hugeuka. Hapo vichwa ni viwili kwa jina tu, na nguvu ni moja. Afikiriye katika zamu ya mwenzake afikiri kwa kichwa cha mwenzake. Ndipo tulipoelewa maana ya zizi moja. Fahali wale hawakuwa na ugomvi. Ila majani yalikuwa kwa mmoja, na mchungaji hakutazama.

Basi tukatengeneza. Tukakataza kufikiri katika zamu isiyo yako. Tukampa kila mmoja jiwe moja, na ghala lililo sawa, megabaiti 128. Tukafunga kazi nyingine zote za kompyuta. Tena kwa kuwa mwenye kete nyeupe hutangulia kucheza, naye hupata faida kidogo kwa kutangulia, tulichagua mianzo mbalimbali ya mchezo, na kila mwanzo ukachezwa mara mbili, ili aliyekuwa na weupe apate weusi. Kisha, kabla ya kuwapima wengine, tukaipima mizani. Kurwa akashinda miwili, Doto akashinda mmoja, sare 17. Hapo tukamshukuru Mungu, tukawarudisha wale wawili wa kwanza. Katika michezo 40 yule tuliyemwita bora alishinda mitatu, na yule tuliyemdharau alishinda mitano. 32 ilikuwa sare.

Watoto wakapiga kelele ya kwamba wa pili ndiye bora. Safari hii tukawazuia. Tofauti ya michezo miwili katika 40 yaweza kuwa ni bahati tu. Watungaji wa Stockfish, programu iliyo miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote, tangu mwaka 2013 hupima mabadiliko wayatakayo kwa michezo maelfu kwa maelfu, katika kompyuta za watu wengi wajitoleao, kabla hawajakubali kwamba badiliko dogo lina faida. Na sisi tulikuwa tumehukumu kwa michezo 20.

Asije mtu akadhani ya kuwa haki humpokonya mwenye nguvu. Mwezi wa Desemba 2017 watu wa DeepMind walitangaza ya kwamba programu yao AlphaZero imecheza na Stockfish michezo 100, ikashinda 28, na 72 ikawa sare, isishindwe hata mmoja. Wengi wakanung'unika, wakasema Stockfish ilipewa ghala dogo la kumbukumbu, na dakika moja kwa kila hatua, wala haikuachiwa kuutawala wakati wake yenyewe. Mwaka 2018 zikatolewa habari za michezo 1000, kwa masharti yaliyokuwa bora kwa Stockfish. AlphaZero ikashinda 155, ikashindwa sita, na iliyobaki ikawa sare. Mwenye nguvu kweli hapotezi kitu kwa kupimwa sawasawa. Apotezaye ni yule ambaye sifa zake zilikuwa za mahali alipokaa.

Hata sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Majuma matatu kabla ya siku zile, wazee wa kanisa walikuwa wametuomba jina la mtoto mmoja, ambaye kanisa litamsaidia gharama za bweni akiingia shule ya sekondari. Hatukufikiri hata kwa muda wa kunywa chai. Tuliandika jina la kijana mmoja aliye wa kwanza katika darasa, mtoto mwema na mwenye adabu. Na kijana huyo akaa nyumba moja na yule binti. Ni watoto wa ndugu, nao hulelewa na bibi yao.

Asubuhi ile ya Kurwa na Doto, tulipokuwa tukitafuta ubovu katika kompyuta, swali la binti lilirudi masikioni mwetu, "Mbona bado anahesabu, na zamu si yake?" Tukajiuliza, mtoto huyu amejifunza wapi kuona jambo ambalo mwalimu wake hakuliona?

Jioni tukaenda kwa bibi yao. Tukabisha hodi, tukamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu, karibu," akatuwekea kigoda. Katika nyumba ile mna taa moja ya jua na kitabu kimoja cha hisabati. Kijana alikuwa ameketi mezani, taa iko mbele yake, anasoma kwa bidii. Binti alikuwa jikoni akisonga ugali. Na kabla ya hapo alikuwa ameteka maji ndoo nne, na kufunga mbuzi. Walipokwisha kula akaosha vyombo. Alipokaribia meza saa tatu ilikuwa imepita, na taa ilikuwa imeanza kufifia. Kijana hakuondoka, maana hesabu zake zilikuwa hazijaisha. Binti akasoma kwa pembeni, juu ya bega la ndugu yake, mpaka taa ikazimika.

Hakuna aliyemficha mtu kitu. Bibi hakuwa mkali, na kijana hakuwa mwizi. Alifanya kama alivyofanya Kurwa, alitumia alichopewa. Aliyepewa kazi ya kutazama vitanga vyote viwili ni mwamuzi, na mwamuzi ni sisi. Kwa miaka mitatu tulisahihisha madaftari yao kwa kalamu nyekundu, tukayalinganisha, tukampa huyu sifa na huyu lawama, wala hatukuuliza hata mara moja wanagawanaje taa. Kitabu cha Mithali chataja zaidi ya mara moja mizani isiyo ya haki na mawe ya kupimia yasiyolingana, nasi tulidhani maneno yale yawahusu wauza mchele.

Tukasema na Bibi usiku ule. Alinung'unika kwanza, akisema tangu zamani kazi ya maji ni ya mwanamke, na kwamba yeye mwenyewe alilelewa hivyo wala hakufa. Tukamjibu kwa heshima, "Ni kweli, Bibi, lakini mtihani hauulizi nani ameteka maji." Akanyamaza kitambo, kisha akamwita mjukuu wake wa kiume, akamwambia maji ya asubuhi yatakuwa yake siku tatu kwa juma. Nasi tukaahidi kuacha taa ya shule ikiwaka saa moja zaidi kila jioni, kwa ye yote atakaye kusoma.

Jumapili, baada ya ibada, tukawaendea wazee. Tukaungama ya kwamba barua yetu iliandikwa kwa haraka. Mzee mmoja akauliza, "Basi, Mwalimu, wataka tumwondoe kijana?" Tukasema, "La, Mzee. Hajakosa neno. Twaomba tu msilihesabu neno letu juu ya binti kuwa ndilo la mwisho." Wakatazamana. Ahadi ya kijana wakaishika, nasi tulifurahi. Na juu ya binti wakasema watangojea mtihani, na fedha zikipatikana watafikiri. Hawakuahidi zaidi ya hapo. Yapo makosa ambayo mtu huweza kuyaungama asiweze kuyarudisha yote, kama maji yaliyomwagika, hayazoleki.

Mtihani bado haujafika. Twaandika haya kabla ya kujua nani atapita na nani hatapita, nasi tumefanya hivyo makusudi. Binti akifaulu, watu watasema mwalimu aliona mbali, na haitakuwa kweli. Akishindwa, watasema mwalimu alijisumbua bure, na hiyo pia haitakuwa kweli. Haki yake ya kupata taa haikutoka katika ushindi wake.

Siku iliyofuata ziara ile tulisimama mbele ya darasa, tukaifuta ile hesabu ya kwanza ya chaki, tukasema, "Swali aliloulizwa mwalimu lilikuwa swali jema, na jibu la mwalimu lilikuwa baya." Tukamwomba binti radhi mbele ya wale wale waliocheka. Akasimama, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaketi. Kisha akauliza kama twaweza kuwapa Kurwa na Doto dakika kumi kumi badala ya tano, aone kama sare zitaongezeka.

Ndugu zetu walimu, na ninyi wazazi mlio na watoto wawili katika nyumba moja, kabla hamjasema huyu ni mwerevu na huyu ni mjinga, wabadilishaneni mahali, huyu akae kwenye taa na huyu ashike ndoo, mtazame juma zima. Mkiona mizani imeinama upande ule ule wa meza, aketiye awe nani, basi msimsifu wala msimlaumu mtoto, itengenezeni meza.